Kimya Kabla ya Jina la Dada

4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu, na kuku wako wawe wameacha kukutia hasira. Sisi hatujambo, ila uchovu tu. Baba watoto bado yuko kwenye karakana ya milango ya chuma, anarudi macho mekundu kama aliyekuwa msibani. Mimi bado niko kwenye kola. Mwaka wa tatu huu nashona kola za mashati ya shule na sijawahi kushona shati zima. Mwenzangu wa meza ya pili anashona mikono tu. Tunataniana kwamba siku tukifukuzwa tutafungua duka la mashati yasiyo na kifua. Mtoto mdogo anaota meno, kwa hiyo silali, nasinzia tu. Kaka yake, Chiriku, anaongea tangu anapofungua macho. Juzi amemwambia mwenye nyumba kwamba bafu letu linanuka, na kweli linanuka, lakini mimi nilikuwa nimepanga kulisema kwa adabu.

Sasa neno lenyewe, na ninaliandika kwa sababu kwa simu wewe na mimi tumeshindwana. Tangu masikio yako yagome, nikisema hili unajibu lile, na hili sitaki lipite kwa jirani.

Chiriku ana ngiri. Kuna uvimbe kwenye kinena, akilia unatokeza kama yai, akitulia unarudi. Daktari amesema lazima apasuliwe, kwa sababu siku utumbo ukinaswa pale usirudi, hapatakuwa na muda wa kupanga. Wametupa tarehe, katikati ya Machi.

Halafu alikuja daktari wa usingizi, yule wa kupiga nusu kaputi. Mwanamke mfupi, viatu vya mpira, haongei sana. Akaniuliza: "Katika damu yenu, upande wako au wa baba yake, kuna mtu aliyewahi kulazwa usingizi wa operesheni akapata homa kali, au akafa?" Upande wa baba yake wamesema hakuna. Mimi nilisema sijui, nitamuuliza mama.

Kwa hiyo nakuuliza. Na utuombee. Naogopa, Mama. Mtoto mwenyewe hajui kitu, anarukaruka kitandani huku na uvimbe wake.

Mwanao.


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nikaisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mimi mzima. Goti linanisumbua wakati wa kupanda ngazi za kanisa, lakini nani alisema nipande mbio. Kuku watatu wamegoma kutaga na wanakula kama wafungwa waliotoka jana. Nimewaambia wajirekebishe. Dada yako ameandika, watoto wake wote wanne wamepona kikohozi.

Kuhusu mjukuu wangu usiogope. Unakumbuka sala ya baba yako. Yule mfalme wa kwenye Biblia alitaka kumjengea Mungu nyumba, Mungu akamgeuzia, akamwambia mimi ndiye nitakayekujengea wewe, na nyumba yako itadumu. Mfalme akaenda akakaa chini mbele za Mungu, akaomba kilekile alichoahidiwa. Baba yako alisema hiyo ndiyo sala ya mtu mwenye akili: huombi jipya, unaomba ulichoambiwa. Alisimama kwenye ahadi ile mpaka tukamzika. Na mimi nimesimama. Nyumba yetu imebarikiwa. Nyie wawili mko wazima, wajukuu wazima. Hatujapungukiwa.

Simama hapo na wewe. Omba bila kuyumba. Mwenye shaka asitegemee kupata kitu.

Mpake Chiriku mafuta kifuani akitoka kuoga, asipate baridi kabla ya siku yenyewe.

Mama yako.


27 Februari

Mama yangu,

Shikamoo tena. Pole na goti. Usipande ngazi huku umebeba ndoo ya maua. Najua unabeba, usibishe. Huku jino moja limetoka, na Chiriku anamfundisha mdogo wake kuuma.

Umeniandikia ukurasa mzima, Mama, na swali langu hukulijibu. Nimeisoma barua mara nyingi nikidhani nimeruka mstari.

Ngoja nikuambie kitu. Tunasali kila jioni kabla ya kula, na mimi nasali kama Baba alivyosali, kwa sababu sijui namna nyingine. Unakumbuka alivyokuwa akianza: "Bariki nyumba hii, bariki wazao wangu." Halafu ananyamaza. Wewe unakohoa kidogo. Halafu ndipo anamtaja Dada, kisha mimi. Nilikua nikijua kwamba sala ndivyo ilivyo, kwamba kabla ya jina la kwanza mtu hunyamaza. Hata mimi hunyamaza pale kabla ya kumtaja Chiriku. Nimefanya hivyo tangu azaliwe.

Juzi baba watoto akafumbua macho katikati ya sala. Akasema, "Samahani, nimekuwa nikitaka kukuuliza tangu tuoane. Hapo unamsubiri nani?"

Nilicheka. Nikasema hapo ni pa heshima. Lakini chakula hakikupita, Mama. Nikaanza kufikiria. Wewe hukohoi popote pengine.

Baba alikuwa ananyamaza kwa ajili ya nani? Kabla ya Dada palikuwa na mtu? Kama alikuwepo, aliondokaje? Sikuulizi kwa udaku. Daktari wa usingizi anangoja.

Mwanao anayekuheshimu.


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku salama.

Nakutumia kitambaa cha kumfunikia mtoto hospitali, nimekifua mara mbili. Vile vyao havina joto.

Mambo ya sala ya baba yako tuachie mimi na baba yako. Wewe ulizaliwa ukakuta nyumba ina baraka, kula baraka, unachimba misingi ya nini? Mtu akipewa ahadi haanzi kuikagua kama nyanya za sokoni. Unataka kumtia Mungu aibu? Daktari ni daktari, ana maswali yake ya kujaza siku. Mwambie sisi tuko wazima.

Kuku mmoja amerudi kutaga.

Hivi hiyo nusu kaputi ni lazima? Hawawezi kumkata akiwa macho? Nimesikia kuna sindano ya kutia ganzi hapohapo. Akilia atalia tu, wewe mshike mikono. Waulize. Waulize kabla hawajamvika kile kitu usoni.

Mama yako.


17 Machi

Mama,

Shikamoo. Kitambaa kimefika, asante. Kimefika pamoja na barua yako siku ya operesheni, asubuhi. Mtu wa posta alinikuta mlangoni nikifunga kiatu cha Chiriku. Niliisomea kwenye benchi la wodi, mtoto ameshavuliwa nguo, amevishwa gauni la kijani linaloburuza. Nikafika pale mwisho, "kabla hawajamvika kile kitu usoni."

Mama, nani alikuambia kwamba kuna kitu cha kuvika usoni? Mimi sikukuandikia hilo.

Nikamvua mtoto lile gauni, nikamvisha suruali yake, nikambeba. Muuguzi akapiga kelele, "Mama Chiriku, unampeleka wapi, zamu yenu ni ya pili!" Daktari wa usingizi akatoka akanizuia kwenye korido.

"Unakimbia?"

"Sikimbii, daktari. Nangoja jibu."

"Jibu la nani?"

"La mama yangu."

Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Akaniambia kwamba wapo watu wachache ambao ile hewa ya usingizi kwao ni sumu, inawawasha mwili kama moto, na jambo hilo hutembea kwenye damu ya ukoo. Kwa watu hao kuna njia nyingine, ila dawa zake na vifaa vinaagizwa hospitali kubwa, na hospitali kubwa haitoi kwa hisia za mtu. Akasema, "Mwambie mama yako aharakishe. Ngiri haisomi barua."

Baba watoto alinikuta nyumbani usiku. Akasema, "Umemtoa mtoto mikononi mwa madaktari kwa sababu ya mstari mmoja wa bibi yake?" Nikasema ndiyo. Kesho yake aliyoyasema daktari yalitimia. Chiriku alikuwa analilia mpira, uvimbe ukatoka na haukurudi. Ukawa mgumu kama jiwe. Akanyamaza, Mama. Chiriku akanyamaza. Tulikimbia naye, daktari akambonyeza taratibu mpaka ukarudi ndani, akatuambia safari ijayo huenda usirudi. Sasa nikimsikia anakohoa naacha cherehani. Sina pa kukaa: nikimpeleka naogopa, nikimbakiza naogopa.

Umeniambia mwenye shaka asitegemee kitu. Shaka sina. Nimeshika ahadi ileile uliyoishika wewe, sina nyingine. Lakini nimeisoma habari ya yule mfalme mpaka mbele, kule Baba alikokuwa hafiki. Baada ya ahadi ile alizika mtoto. Alilala chini akalia asile, mtoto akafa, akaoga, akaingia kusali. Na nyumba yake ikaendelea. Mungu hakuona aibu, na yeye hakumfuta mtoto ili kumsaidia Mungu kutimiza.

Niambie, Mama. Nakupenda na sitaacha kukuuliza. Hata usiponijibu tena, kila juma nitaandika swali hilihili.

Mwanao.


28 Machi

Mwanangu,

Sijui kama leo nitaweza salamu.

Alikuwa wa kwanza. Tulimwita Mluzi, kwa sababu alikuwa na pengo mbele na akiongea lilipiga mluzi. Dada yako alikuwa mchanga wa kunyonya, wewe hukuwepo. Tulikaa mji mwingine, si huu unaoujua. Aliangukia mkono akiruka ukuta wa jirani. Ulivunjika hapa juu ya kiwiko, ukakaa upande. Wakasema watamlaza kidogo wauweke sawa, ni kazi ndogo, atatoka kabla ya chakula cha mchana.

Mimi niliruhusiwa kusimama mlangoni. Wakamvika kile kitu cha mpira usoni. Akaniangalia, akafumba. Baada ya hapo nikasikia mmoja anasema taya limekaza, halifunguki. Wakahangaika na taya. Halafu mwili wote ukakaza. Wakanitoa. Waliponiita tena nilimgusa, mwanangu, alikuwa wa moto. Homa naijua, ile haikuwa homa. Alikuwa wa moto kama sufuria. Wakamwekea maji, wakafungua madirisha. Hakutoka kabla ya chakula.

Walituambia moyo wake ulikuwa dhaifu. Moyo gani dhaifu, mtoto aliyekuwa anaruka kuta?

Baba yako ndiye aliyekuwa ameiona ile ahadi, mwaka uleule tulipooana, na akawa ameitangaza mbele za watu kanisani, kwamba Mungu atamjengea nyumba. Tulipotoka kuzika watu walimtazama. Hawakusema kitu, walimtazama tu. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mama, tukimhesabu huyu, ahadi itakuwa imevunjika. Tusimhesabu. Tuanze kuhesabu na huyu wa mgongoni." Nilikuwa nimembeba dada yako. Tukahama. Huku hakuna aliyejua.

Lakini hakuweza kupapita, ulimsikia mwenyewe. Kila jioni akifika pale sauti inakatika, na mimi nakohoa ili nyie msisikie inavyokatika. Amekufa hajalitaja jina lake tena. Mimi humtaja nikiwa peke yangu na kuku.

Ulipoandika habari za nusu kaputi nilijiambia Mungu hawezi kufanya mara mbili. Nikajiambia nikiliandika nitakuwa ndiyo nimelileta. Nimekuwa nikiogopa hivyo tangu Februari. Silali kitandani, nalala kwenye kiti.

Mwambie daktari: taya lilikaza kwanza, ndipo mwili, ndipo moto. Mwambie ni mjomba wake mtoto, tumbo moja na mama yake. Usimwache amvike. Barua hii naipeleka stesheni ya mabasi mwenyewe, nampa dereva mkononi, posta siiamini.

Umeniuliza kwa upole, kisha kwa ukali. Ulifanya vyema mara zote mbili.

Mama yako, mama wa watatu.


21 Aprili

Mama wa watatu,

Shikamoo, Mama yangu. Nianze na lile unalolitaka: Chiriku yuko hai. Yuko pembeni yangu hapa, ameketi kwenye mto, anamweleza mgonjwa wa kitanda cha jirani namna alivyokatwa. Anaongeza chumvi. Kwa simulizi yake walikuwa madaktari ishirini na panga.

Barua yako dereva aliileta mpaka kiwandani. Bi Kengele, msimamizi wetu, haruhusu mtu kuinuka mezani, nikainuka. Nikaenda na nyuzi kwenye sketi. Daktari wa usingizi aliisoma amesimama, akafika kwenye taya, akakaa. Akasema, "Mama yako ameona kila kitu na hakusahau hata kimoja." Siku hiyohiyo akapiga simu hospitali kubwa. Hawakubishana naye. Vifaa vilikuja, mashine ikasafishwa hewa yote ya zamani, na mtoto wakampa usingizi wa kupitia mshipani. Hakuvikwa kitu cha hewa ile usoni.

Aliniambia pia jambo ambalo lazima ulijue. Angempa hewa ile siku nilipokimbia. Alikuwa ameshaiandaa.

Sasa nikusimulie kusubiri, maana wewe ndiye pekee unayejua kusubiri huko. Nilikaa nje ya mlango wenye kioo cha ukungu. Baba watoto alikuwa anatembea, anarudi, anatembea. Mimi nilitaka kusali na midomo ikakataa. Nilimwogopa Mungu, Mama. Nikisema nakuamini, nikawa nasikia jibu: hata mama yako aliamini. Nikisema mponye, nikawa naona sufuria. Mwisho nikakaa chini kwenye sakafu, ukuta mgongoni, kama yule mfalme. Nikasema: Wewe ndiye uliyesema. Mimi mshona kola nisingethubutu kukuomba nyumba inayodumu, ningeomba kodi ya mwezi. Ila ulisema, na kwa kuwa ulisema nakuomba ulichosema. Bariki nyumba hii. Bariki Mluzi, Dada, mimi, Chiriku na mdogo wake. Sikunyamaza popote. Nilipomtaja kaka yangu mwili ulinisisimka, kana kwamba ninaharibu kitu. Hakuna kilichoharibika. Na hofu haikuondoka pia, nisikudanganye. Nilimaliza sala ninaogopa vilevile, ila nilikuwa nimeshaisema yote, sikuwa na kitu nilichokificha.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akasema, "Nani mama yake huyu anayedai viatu?" Nikamgusa shingoni, chini ya sikio. Alikuwa wa baridi kidogo, Mama. Wa baridi wa kawaida. Nililia mpaka baba watoto akaniondoa njiani.

Bado naamka kumpapasa. Nadhani nitaendelea kumpapasa mpaka aoe.

Sasa nakuomba jambo, na safari hii siombi kwa upole. Daktari amesema damu hii inaweza kuwa kwangu, kwa Chiriku, kwa mdogo wake, na kwa Dada na watoto wake wote wanne. Hakuna anayejua ni nani, lakini yeyote kati yao anaweza siku moja kuanguka ukutani. Lazima wajue, na watoto wao waje kujua. Nyumba ikidumu kama ulivyoahidiwa, basi ni watu wengi wanaopaswa kuambiwa, wengine hawajazaliwa. Nimetaka kumwandikia Dada mwenyewe. Nimechukua kalamu, nikaiweka. Kaka huyu simjui. Sijui pengo lake lilikuwa upande gani, alilala vipi, alikuitaje. Nikiandika mimi atakuwa mgonjwa tu, na habari ya taya.

Mwandikie wewe, Mama. Usimtume mtu na usisubiri goti lipone. Anza na salamu, mwulize hali ya watoto, halafu mwambie kwamba yeye si wa kwanza.

Mwanao wa tatu.